Mtoe mzee, mwingize dogo: hoja inayofika ikiwa imechelewa

*Kila timu inapoyumba, mashabiki wa Bariadi hudai damu changa. Wana haki ya kudai, ila wanadai siku isiyofaa.*

Siku ya Kariakoo Dabi, Simba na Yanga, mji wa Bariadi hubadilika mapema. Kufikia alasiri bodaboda za stendi zimepungua, baiskeli zimeegemeana nje ya vibanda umiza, na ndani mabenchi yameshapangwa kutazama runinga moja iliyofungwa juu, karibu na paa la bati. Anayechelewa anasimama. Jezi nyekundu upande wao, njano na kijani upande wao, na katikati wanakaa wale wanaojidai hawana timu. Dakika ya ishirini haijafika, beki mwenye miaka thelathini na ushee anapitwa na winga, au straika aliyezoeleka anapaisha mpira juu ya lango, na sauti inatoka benchi la nyuma: "Mtoe huyo, kachoka! Mwingize dogo!" Kuanzia hapo mechi ya kwenye runinga inakuwa ya pili. Mechi ya kwanza ni ubishi.

Usukuma haukufundishwa ushabiki na mpira wa miguu. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, walikuwa wakipimana kwa ngoma, dawa na mbwembwe tangu karne ya 19, na mpaka leo wapo wazee wa Simiyu wanaoweza kukueleza kwa nini upande wao ndio ulioshinda siku ambayo kila mtu aliona umeshindwa. Kwa hiyo ubishi wa kibandani hauhitaji kuombewa radhi. Unachohitaji ni kupimwa, maana hoja ya kumtoa mzee na kumwingiza kijana ndiyo inayorudi kila msimu, inahamia redioni, inapanda mpaka kwa viongozi wa klabu, na mara nyingine inamfukuzisha kocha kazi.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli mchezaji huchoka, na ni kweli klabu zetu huwang'ang'ania waliochoka. Kosa liko kwenye saa. Kijana hudaiwa siku mkongwe anapoanguka, wakati siku yake ya kuingia ilikuwa misimu miwili nyuma, mkongwe akiwa bado anatamba na timu ikiongoza mabao matatu.

Mkoa usio na timu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukaunganisha Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Katika msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ilikuwa na timu 16, na hakuna hata moja iliyotoka humu. Jirani wa karibu ni Pamba Jiji ya Mwanza, iliyorejea Ligi Kuu msimu huohuo baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20. Shabiki wa Bariadi anayetaka kuona Ligi Kuu kwa macho yake anashuka mpaka Lamadi, kisha anashika barabara ya Mwanza hadi CCM Kirumba. Wengi hawaendi. Mpira wao ni wa runinga, na timu zao ni Simba ya Msimbazi na Yanga ya Jangwani, mbali kabisa na hapa.

Umbali huo una athari kwenye hoja yenyewe. Anayemtazama mchezaji kwenye runinga tu humwona akiwa ameshaiva au ameshaanza kuoza. Hatua ya katikati haioni. Haoni mazoezi, haoni timu ya vijana, hajui nani yuko nyuma ya nani. "Dogo" anayemtaja ni jina alilolisikia, au ni dakika kumi alizomwona akicheza dhidi ya timu iliyokwisha kukata tamaa. Na wapo madogo walio karibu naye kabisa asiowaona vilevile: wanafunzi wanaotoka UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kwenda UMISSETA ya sekondari, wanang'ara kwa wiki mbili, halafu wanarudi kwenye viwanja vya shule ambako nyasi hulishwa mbuzi. Anayebahatika huchukuliwa Mwanza. Anayebaki hungoja ligi ya wilaya na ligi ya mkoa, na huko nako, nchi nzima, timu inayotaka kupanda daraja huwa na tabia ya kukodi mamluki wenye majina yaliyopita badala ya kumpanga kijana wa mtaani. Ubishi wa Simba na Yanga una mdogo wake kwenye kila kiwanja cha vumbi.

Kipa aliyeingia kwa dharura

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa langoni. Mwaka 2023 Aishi Manula, kipa namba moja wa Simba na wa Taifa Stars kwa miaka, aliumia. Msaidizi wake, Beno Kakolanya, naye hakupatikana. Likabaki jina la Ally Salim, kipa wa tatu ambaye wengi hawakumjua hata sura. Aprili 16 alisimama dhidi ya Yanga na Simba ikashinda 2-0. Siku sita baadaye alisimama dhidi ya Wydad ya Morocco kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ikashinda 1-0 Dar es Salaam, na ikaja kutolewa kwa penalti Casablanca. Agosti 13, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, alipangua penalti tatu za Yanga. Hakuna kocha aliyekuwa amepanga hayo. Kijana alipata nafasi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama pale.

Novemba 5 mwaka huohuo Manula alirudishwa langoni baada ya kukaa nje muda mrefu, kwenye mechi ya Yanga, na Simba ikafungwa 5-1. Kuyabebesha mabao matano mabega ya kipa mmoja ni uonevu. Siku hiyo safu nzima ya ulinzi ilikuwa imekatika, na kocha Roberto Oliveira, "Robertinho", alifutwa kazi mara tu baada ya mechi hiyo. Ila uamuzi wa kumrudisha mkongwe kutoka kwenye majeraha moja kwa moja mpaka kwenye dabi unaonyesha namna tunavyowaza: heshima kwanza, utayari baadaye. Kilichofuata ndicho kinachouma zaidi. Aliyechukua lango hakuwa Ally Salim. Akawa Ayoub Lakred kutoka Morocco, na msimu uliofuata Moussa Camara wa Guinea. Wote wawili ni makipa wazuri, hapo hakuna wa kubisha. Lakini kijana aliyefaulu mitihani mitatu mikubwa ndani ya miezi minne alirudi benchi, na wale waliomwimba Tanga hawakuonekana kulia sana.

> Kijana alipata nafasi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Mwingine alipopatikana, nafasi ikaondoka.

Dogo akikosea

Mtetezi wa wakongwe atasema hapo hapo: mechi kubwa haitaki majaribio. Kijana ana mbio, hana kichwa. Na ushahidi anao. Februari 6, 2025, Simba ilikuwa Babati, uwanja wa Tanzanite Kwaraa, ikiongoza dhidi ya Fountain Gate. Ladack Chasambi, winga kijana aliyesajiliwa kutoka Mtibwa Sugar mwaka mmoja kabla, alirudisha mpira nyuma kwa kipa wake. Mpira ukampita Camara ukazama wavuni. Sare ya 1-1, katika msimu ambao kila pointi ilihesabiwa. Yaliyomkuta kijana yule mitandaoni yalizidi yale ambayo mkongwe yeyote aliyewahi kukosa penalti amewahi kukutana nayo, na kocha Fadlu Davids akalazimika kusimama hadharani kumtetea.

Ila tazama vizuri alilolifanya. Pasi ya nyuma bila kuangalia kipa amesimama wapi ni kosa la mazoea, na mazoea huja kwa dakika za uwanjani. Mchezaji hawezi kuyapata kwa kukaa benchi akiwatazama wenzake. Wanaosema "hana uzoefu" wanautaja uzoefu kama umri, kana kwamba mtu huamka asubuhi ya siku ya kuzaliwa akakuta amewekewa chini ya mto. Na mashabiki wanaopiga kelele za "mwingize dogo" kisha wanamsulubu akikosea mara moja ndio wanaomfundisha kocha somo rahisi: ukimpanga mkongwe ukafungwa, lawama ni ya mkongwe, ukimpanga kijana ukafungwa, lawama ni yako. Kocha mwenye mkataba wa mwaka mmoja ambaye hana hakika ya kumaliza miezi sita atafanya hesabu hiyo bila kalamu.

Mzize na subira ya Jangwani

Yanga wana mfano wa upande wa pili, ingawa sidhani kama waliupanga wote. Clement Mzize, aliyezaliwa Januari 2004, alipandishwa kutoka timu ya vijana mwaka 2022. Mbele yake alikuwepo Fiston Mayele, ambaye msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 ya ligi na kuifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Hakuna shabiki mwenye akili timamu aliyedai Mayele atolewe ili Mzize aingie. Mzize aliingia kidogo kidogo: dakika ishirini hapa, mechi ya kombe pale, timu ikiwa inashinda. Mayele alipoondoka kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, Yanga waliwaleta Hafiz Konkoni kisha Joseph Guede. Walikuja, wakapita. Mzize alikuwepo, amechafuka tope la kutosha kujua Ligi Kuu inachezwaje Sumbawanga mvua ikinyesha na Manungu jua likiwaka.

Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 ya ligi. Juni 25, 2025, kwenye dabi iliyoamua ubingwa, Pacome Zouzoua alifunga kwa penalti na Mzize akaongeza la pili. Yanga wakachukua taji la nne mfululizo. Mtu anaweza kusema Mzize ana kipaji cha pekee, na huwezi kujenga kanuni juu ya mtu mmoja. Kweli. Lakini Mzize wa mwaka 2022 alikuwa akikosa mabao ya wazi mpaka mashabiki wake wenyewe wakashika vichwa. Angepewa jezi ya kuanza siku Mayele anaondoka bila kuwa amepita kwenye zile dakika ishirini ishirini, huenda leo angekuwa anachezea timu ya katikati ya msimamo, na vibanda vya Bariadi vingekuwa vinasema hakuna mshambuliaji wa Kitanzania.

Mkulima wa pamba wa Itilima anayemfundisha maksai mchanga kuvuta plau hamfungi peke yake, wala hangoji mzee aanguke shambani. Anawafunga nira moja. Mzee anaujua mstari, mchanga ana nguvu, na msimu unaofuata hakuna anayeuliza nani ashike nafasi ya nani.

Wakongwe waliojibu

Upande unaotaka wazee wote watupwe nje una tatizo kubwa kuliko unavyodhani, nalo ni matokeo ya Taifa Stars. Kwenye CHAN ya 2024, iliyochezwa Agosti 2025 hapa nyumbani, Kenya na Uganda, bao la pili dhidi ya Burkina Faso lilifungwa kwa kichwa na Mohamed Hussein "Tshabalala", beki aliyevaa jezi ya Simba tangu 2014 kabla ya kuvuka mtaa kwenda Yanga. Mechi iliyofuata, dhidi ya Mauritania, ilikuwa imeganda mpaka dakika ya 89, ndipo Shomari Kapombe, miaka 33, akapanda kutoka beki ya kulia na kufunga bao pekee. Siku tatu baadaye Mzize, miaka 21, akafunga yote mawili Madagascar ilipolala 2-1. Kundi likaongozwa na Tanzania. Robo fainali Morocco wakatutoa kwa bao 1-0, lakini hesabu ya makundi imebaki: wakongwe mabao mawili, kijana mawili, na moja la penalti la Abdul Suleiman "Sopu".

Halafu yupo Simon Msuva. Jina lake likitajwa kwenye kikosi, hakosekani wa kuuliza "bado tu?" Novemba 19, 2024, Uwanja wa Benjamin Mkapa, alifunga bao pekee dhidi ya Guinea lililoipeleka Tanzania AFCON ya 2025. Kule Morocco, Desemba 2025, akafunga kwa penalti dhidi ya Uganda, na kwa bao hilo akawa amefunga kwenye AFCON tatu tofauti: dhidi ya Kenya 2019, Zambia mwaka 2024 kule Ivory Coast, na Uganda. Sare ile pamoja na ya Tunisia iliipeleka Tanzania hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia. Aliyetaka Msuva apumzishwe kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa angekuwa ametukosesha mengi.

> CHAN 2024, hatua ya makundi: Tshabalala 1, Kapombe 1, Mzize 2, Sopu 1. Nani hapo wa kutolewa?

Je, hii haivunji hoja ya makala haya? Haivunji, inaisogeza mahali pake. Kapombe na Msuva hawakubaki kwa sababu ya majina. Walibaki kwa sababu wanachofanya bado kinafanyika. Umri haumpigi kila mchezaji kwa fimbo moja: winga anayeishi kwa mbio huanza kulipa mapema, kipa na beki wa kati huweza kuongeza miaka, na mshambuliaji anayejua wapi pa kusimama hupunguza kukimbia bila kupunguza mabao. Kumpima kwa mwaka aliozaliwa ni uvivu, na kwa mpira wetu, ambako umri wa kwenye makaratasi na umri wa magotini mara nyingine havijatambulishana, ni uvivu wa hatari. Swali lenye maana kwa Kapombe si lini atolewe. Ni nani amecheza mechi kumi nyuma yake msimu huu, na kwa Taifa Stars jibu la swali hilo si rahisi kulipata.

Kununua si kulea

Baada ya msimu wa 2023/24, Simba walipomaliza nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Azam, klabu ilifanya kile ambacho benchi la nyuma hudai kila wiki: ilifagia. Nahodha John Bocco aliondoka, Saido Ntibazonkiza aliondoka, na Clatous Chama, mkataba wake ulipoisha, akatua Yanga akiwa na miaka 33, akamaliza msimu na medali ya ubingwa. Wakaja Joshua Mutale, Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Augustine Okejepha na wenzao, wengi chini ya miaka 25. Haikuwa kazi bure. Ahoua alifunga mabao 16 na kuwa mfungaji bora wa ligi, na mkwaju wake wa adhabu dhidi ya Stellenbosch ndio ulioipeleka Simba fainali ya Kombe la Shirikisho. Mutale alifunga kwenye fainali ya marudiano dhidi ya RS Berkane, Mei 25, 2025, Amaan, Zanzibar, ingawa deni la 2-0 la Morocco halikulipika.

Watetezi wa kufagia huuweka msimu ule mezani kama karata ya mwisho. Uweke, lakini usome maandishi yote. Vijana wale wengi walinunuliwa wakiwa tayari wameiva kwingine: Zambia, Ivory Coast, Ghana. Aliyewalea amelipwa, Simba waliruka hatua hiyo. Klabu inayoruhusiwa kusajili wageni 12 inaweza kufanya hivyo kila dirisha la usajili na kuendelea kushinda, ila haitakuwa imejibu swali la mtoto wa Maswa anayecheza namba tisa kwenye UMISSETA.

Marekani, kwenye besiboli, mashabiki wana ubishi huuhuu na kisa wanachokirudia kwa karne nzima. Juni 2, 1925, New York Yankees walimweka nje Wally Pipp, miaka 32, timu ikiwa inasuasua, wakamwanzisha Lou Gehrig, miaka 21. Gehrig hakutoka tena mpaka 1939, na mfululizo wake ukafika mechi 2,130. Kisa husimuliwa kama muujiza wa siku moja. Kinachosahaulika ni kwamba Gehrig alikuwa mali ya Yankees tangu 1923, akipelekwa Hartford, kwenye ligi ya chini, kucheza kila siku na kuitwa juu mara chache. Siku Pipp alipoanguka, wao hawakutafuta dogo. Walimwita.

Klabu zetu zina timu za vijana, na ligi ya chini ya miaka 20 ipo. Inachezwa bila watu, haipati nafasi kwenye vibanda, na anayefunga mabao ishirini huko hana uhakika wa kupata hata benchi la mechi ya Kombe la Shirikisho la ndani dhidi ya timu ya daraja la kwanza. Hapo ndipo shinikizo la mashabiki lingekuwa na faida, kuliko dakika ya ishirini ya dabi. AFCON ya 2027 itaandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Mshambuliaji Mbwana Samatta atakuwa na miaka 34, Kapombe 35, Msuva 33. Huenda wote watatu wakastahili kuwemo. Atakayewapumzisha inabidi awe ameshaanza kucheza sasa, kwenye mechi ambazo Bariadi hakuna anayelipa kiingilio kuziona.